Fundi Kivuli na Jua la Dirishani

Asubuhi, mara tu jua lilipovuka paa la jengo la ng'ambo na kutua kwenye kioo cha duka, fundi wa mapazia alikaa dirishani. Alifungua vifungo vyote vya shati, akakunja suruali mpaka magotini, akanyoosha miguu mbele kama mtoto anayesubiri kuogeshwa. Kulia kwake lilining'inia pazia zito la kahawia lenye marinda, kushoto kwake pazia jeupe jepesi. Katikati yeye, macho kayafumba, anaota jua.

"Fundi," fundi viatu aliita kutoka nje. Alikuwa na benchi lake pale ukutani, hatua chache tu kutoka kwenye kioo. "Leo unauzwa kwa mita au mzima mzima?"

"Mzima mzima. Ila siuzwi kwa mtu mwenye mdomo kama wako."

"Basi kunja hata hiyo suruali vizuri. Wateja wangu wanaangalia miguu yako, wanasahau viatu."

Mtaa mzima ulimwita Kivuli, na jina lilimkaa kwa sababu ndiyo biashara yake. Watu walikuja kwake wakilalamika kuwa jua linawaamsha mapema, linawachoma sebuleni, linawaharibia makochi, naye aliwapimia, akawakatia, akawashonea kivuli cha rangi waipendayo. Jua na yeye walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Lilikuwa limemlia rangi vitambaa vingi mno. Majora yake aliyaficha nyuma kabisa ya duka, yamefunikwa, na mwenyewe alijifunika vilevile: mikono mirefu mpaka kwenye viganja, kofia akitoka, na kutoka kwenyewe mpaka kuwe na sababu. Nyumba ilikuwa nyuma ya duka, mlango mmoja tu katikati. Aliweza kutoka kitandani hadi kwenye cherehani, na kutoka kwenye cherehani hadi mezani kula, wiki nzima, asijue kama mbingu bado iko pale ilipokuwa.

Ugonjwa wa ini alikuwa nao miaka mingi. Aliugundua siku aliyojitolea kumtolea damu mkewe aliyekuwa anafanyiwa upasuaji. Walimpima, wakamwita pembeni, wakamwambia damu yake haifai kumpa mtu kwa kuwa ina virusi vya homa ya ini, ile inayojificha mwilini bila kelele ikilila ini polepole. Tangu hapo alimeza kidonge chake kila siku, akaenda kliniki kila alipoitwa, na maisha yakaendelea. Aliyekosa kuridhika ni mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao.

"Ini ni ugonjwa wa walevi," mama mkwe alisema.

"Mama, mimi hata soda naogopa gesi yake."

"Nipumulie."

Naye alimpumulia. Mama mkwe alinusa, akatikisa kichwa, akaenda zake bila kutoa hukumu. Alifanya hivyo kila alipomshuku, na alimshuku mara kwa mara.

Lililoleta balaa halikuwa ini, ilikuwa miguu. Siku moja alikuwa juu ya ngazi nyumbani kwa mteja, anatundika pazia la sebuleni, mkewe kaishika ngazi chini kama walivyozoea. Alitia ndoano ya mwisho, akataka kushuka. Mapaja yakagoma. Hayakuuma sana, yalikataa tu, kama punda aliyechoka. Kivuli akashikilia bomba la pazia, akajitia anakagua pindo. Akalikagua na kulikagua. Mwenye nyumba akamsifu kwamba hajawahi kuona fundi makini namna ile.

Mkewe hakusifu. Alikuwa anaona magoti ya mumewe yanavyotetemeka mbele ya pua yake. Walipofika nyumbani aliibeba ngazi mwenyewe, akaipeleka moja kwa moja chumbani kwa mama yake, akaiegemeza ukutani. Mama mkwe akaanza kuanika nguo zake juu ya ngazi hiyo. Mkwe mwenye adabu haingii ovyo chumbani kwa mama mkwe, kwa hiyo hata kituo cha polisi kisingeilinda ngazi ile vizuri zaidi.

"Mke wangu, na pazia la shule?"

Hapo ndipo palipomchoma. Shule ya mtaani ilikuwa inajenga ukumbi, na pazia la jukwaani walikuwa wamempa yeye. Jekundu, refu kuliko lolote alilowahi kushona, la kufunguka katikati. Kwa Kivuli, pazia haliishii mezani. Linamalizikia juu ya ngazi, pale unapolegeza rinda moja na kukaza jingine mpaka lianguke lote sawasawa. Kumwachia mwingine alitundike ilikuwa sawa na kupika halafu mwingine aje atie chumvi.

"Pazia utashona," mkewe alisema. "Kulitundika, watakuja vijana wa lile duka la mapazia ya kiwandani. Wana ngazi zao na mapaja yao."

"Wale wanaotundika pazia kama taulo?"

"Wale wale. Mimi sitaki kumwokota mume wangu jukwaani."

Siku hiyo Kivuli alikula shingo upande, akaenda kulala bila kusimulia chochote, na yeye alikuwa mtu wa kusimulia.

Daktari wake wa ini alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti na mkali wa macho. Aliposikia habari ya miguu hakuandika kitu kwanza. Alimwambia akae kwenye kiti cha chini, akunje mikono kifuani, ainuke.

Kivuli akajaribu. Akainuka nusu, akarudi chini kwa kishindo. Akajaribu tena kwa hasira. Mara ya tatu mikono ilimtoroka yenyewe kifuani ikaenda kushika magoti.

"Umeiba," mkewe alisema.

"Nimeazima."

Damu ikachukuliwa, majibu yakaja. Daktari aliwaeleza kwamba vitamini D imepungua sana mwilini mwa Kivuli, na kwamba wengi wenye ugonjwa wa ini wa muda mrefu huwa hivyo.

"Unashona mapazia, baba, sivyo? Basi chukulia hivi. Ngozi ikipata jua inaleta kitambaa. Ini linakikata. Figo zinashona. Hapo ndipo mwili unapata nguo ya kuvaa mifupa na misuli."

"Kwa hiyo mkataji wangu ndiye mgonjwa."

"Mgonjwa, lakini mkasi bado anaushika. Shida ni kwamba na kitambaa chenyewe humletei. Jua unaliona saa ngapi?"

Mkewe akacheka kwa puani.

Daktari alitaka kumwandikia vidonge. Kivuli akaomba kama mtu anayeomba kupunguziwa kifungo. Alikuwa ameshachoka kumeza, alisema, na jua lipo, halina mwenyewe, kwa nini asianze na hilo. Mwishoni daktari akakubali shingo upande: aote jua kila siku, kidogo kidogo bila kujichoma, mikono na miguu ikiwa wazi, kisha warudi kupima. Kama haikupanda, atameza na hatabisha.

Njiani kurudi, Kivuli alifunga mkataba wa pili, huu na mkewe. Siku atakayoinuka kwenye kiti cha chini bila kushika magoti, ngazi itatoka.

"Na usinichenge," mkewe alisema. "Nitakuwa naangalia."

Ndiyo maana akawa anakaa dirishani. Kila mpita njia alipunguza mwendo. Watoto walibandika pua kwenye kioo. Mama mmoja aliingia akauliza kile kiti kinauzwa, na alipoambiwa hakiuzwi akauliza kama yule mzee naye hauzwi, maana angemfaa kulinda duka lake. Kivuli alivumilia yote. Mkewe ndiye aliyesimamia zoezi: alimwita muda ukifika, akamkunjia mikono ya shati akijisahau, na kila asubuhi kabla hajakaa alikifuta kioo kwa gazeti na maji mpaka kikang'aa, ili jua lipite bila kizuizi.

Pembeni ya kiti Kivuli alibandika kipande cha kitambaa cha buluu, nusu kakifunika kwa boksi, nusu kakiacha wazi. Ndiyo kawaida yake kila anapoletewa kitambaa kipya: hukiweka juani kwanza aone kama rangi yake ni ya kweli au ya kuazima. Safari hii alikiweka kwa sababu nyingine. Alitaka shahidi.

Miezi ikapita. Pazia la shule lilishonwa likaisha, likakunjwa juu ya meza likichukua nusu ya duka. Ukumbi wenyewe haukuwa na haraka. Mafundi wa paa walikuwa wameahidi, na ahadi za mafundi wa paa zinajulikana. Kivuli aliwaombea wachelewe zaidi, maana miguu ilikuwa pale pale. Usiku, taa ikizimwa, alijaribu kuinuka kwenye kiti cha chini peke yake, na kila mara magoti yaliita mikono.

Siku ya kurudi kliniki, daktari aliangalia majibu, akaangalia ya zamani, akaona vitamini haijapanda.

"Baba," alisema taratibu, "jua unaota kweli?"

"Kila siku."

"Au ni jua la mdomoni?"

Kivuli aligeuka kumtazama mkewe, kumbe mkewe naye anamtazama yeye, na katika macho yake kulikuwa na swali. Mtu ambaye amemkunjia mikono ya shati kila asubuhi sasa anamshuku. Hilo lilimuuma kuliko mapaja.

"Nilijua mtaniuliza," alisema. Akatia mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha kitambaa, akakitandaza juu ya meza ya daktari kwa viganja viwili, kama anavyowatandazia wateja. Nusu moja ilikuwa buluu iliyoiva. Nusu nyingine ilikuwa imepauka mpaka ikawa kama majivu. "Hiki kilikaa na mimi. Pale pale, jua lile lile. Jua lililofanya hivi kitambaa cha kiwandani, litashindwaje na ngozi yangu mimi?"

Daktari alikiinua, akakigeuza mbele na nyuma.

"Kitambaa kizuri. Kilikaa wapi?"

"Dirishani mwa duka."

"Nje ya kioo au ndani?"

"Ndani. Nje si vumbi?"

"Na wewe?"

"Ndani, pamoja nacho."

Daktari alikirudisha kile kitambaa mezani polepole sana. Ilikuwa wazi kuwa kuna kitu anakizuia usoni kisitoke.

"Baba, jua si uzi mmoja. Ni nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja. Zile zinazokula rangi ya vitambaa, nyingi zinapita kwenye kioo kama kawaida. Ule unaoifanya ngozi itengeneze vitamini D, kioo kinaukamata karibu wote. Mle ndani ulikuwa unapata mwanga na joto. Kile tulichokutuma kilikuwa kinabaki nje."

Aliyesema kwanza ni mkewe, kwa sauti ndogo.

"Na mimi nilikuwa nakifuta."

"Unafuta nini, mama?"

"Kioo. Kila siku. Na gazeti."

Daktari hakuweza tena. Alicheka mpaka akavua miwani, na Kivuli, aliyekuwa amekusudia kukasirika, alijikuta naye anacheka, na mkewe akafuata akiwa amejifunika uso kwa mkoba. Nesi alichungulia mlangoni, akaona watu watatu wanafuta machozi mbele ya kipande cha kitambaa, akafunga mlango.

Baada ya hapo daktari alikuwa hana mchezo. Vidonge vya vitamini D aliviandika, na Kivuli hakubisha. Jua nalo ataliota, ila nje, chini ya mbingu.

"Na tuelewane," daktari alisema. "Hivi havitibu ini. Dawa yako ya ini ni ile ile, usiiache. Kama kujaza vitamini hii kunalisaidia na ini lenyewe, wataalamu bado wanabishana, siwezi kukuahidi. Mimi kwa sasa nataka miguu yako."

"Na ngazi?"

"Ngazi ipi?"

"Hakuna ngazi, daktari," mkewe alisema. "Endelea."

Kesho yake Kivuli alitoka nje na kofia yake na mikono yake mirefu, akasimama mbele ya benchi la fundi viatu kama mgeni asiyejua pa kuweka mguu.

"Umekuja kuota jua au kuliibia?" fundi viatu aliuliza.

"Nipishe nikae."

"Vua kofia kwanza. Hapa kwangu hatupokei mapazia."

Akavua. Akakunja mikono ya shati. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, kifupi kiasi kwamba magoti yalimfikia kifuani, na kukaa kwenyewe ilikuwa kuanguka kwa heshima. Kuinuka siku hiyo alishika ukuta, akashika benchi, akashika na bega la fundi viatu.

"Shika na sikio, lipo," fundi viatu alimwambia.

Lakini kukaa bure hakukumjia. Siku ya pili alishaanza kupaka nta uzi wa mwenzake. Siku chache baadaye akapewa soli ashone. Mkono wake ulikuwa wa pazia, mishono midogo iliyonyooka kama imepigiwa mstari.

"Unashona kiatu kama kitafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni," fundi viatu alisema. "Vuta uzi, mzee. Mtu anakwenda kukikanyagia hicho."

"Kikanyagiwe kikiwa nadhifu."

Wakawa hivyo, kidogo asubuhi, kisha Kivuli anarudi cherehanini. Mkewe alimletea chai pale pale nje. Mama mkwe akawa anatoka na kiti chake kwa kisingizio cha kuangalia nani anapita, lakini kila alipopita nyuma ya mkwe wake alivuta pumzi ndefu puani. Mikono ya Kivuli ikapata rangi ambayo mkewe alisema hajaiona tangu walipokuwa wachumba. Na paa la ukumbi wa shule, lilipokuwa limesahaulika kabisa, likaisha. Mwalimu mkuu akatuma ujumbe: pazia linahitajika wiki ijayo.

Mkewe alisoma ujumbe, akaukunja mkono wenye simu kifuani. "Niwaite wale wa kiwandani?"

"Nipe mpaka mwisho wa wiki."

"Utainuka?"

Kivuli hakuwa amejaribu kiti siku nyingi. Aliogopa jibu.

Ilikuwa asubuhi yenye upepo. Kivuli yuko kwenye kigoda, kiatu cha mtu mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili, anabishana na fundi viatu kama kisigino kinaanza kuisha nje au ndani. Mlangoni mkewe alikuwa amening'iniza pazia jepesi jeupe lililotoka kupigwa pasi, la mteja. Upepo ukaingia chini yake, ukalijaza, ukaling'oa kwenye ndoano. Pazia likapaa juu ya njia likielekea kwenye mtaro.

"Pazia!" Kivuli alipiga kelele.

Alilidaka karibu na ukingo wa mtaro kwa kulikumbatia na kiwiko, chai imemwagikia suruali. Akageuka anahema, anatafuta doa kwenye kitambaa, hakuna. Alipoinua macho aliona fundi viatu kaacha sindano hewani.

"Fundi," fundi viatu alisema. "Umeinukaje?"

"Nimeinuka na miguu, nitainukaje?"

"Na mikono ilikuwa wapi?"

Kivuli akatazama. Mkono mmoja kiatu. Mkono mwingine kikombe. Akatazama kigoda, kule mbali, kifupi kama tofali. Akatazama mlangoni. Mkewe alikuwa amesimama hapo, viganja mdomoni, na ilionekana alikuwa hapo tangu mwanzo.

Aligeuka akaingia ndani. Baada ya muda ukasikika mkwaruzo wa mbao kwenye sakafu, halafu sauti ya mama mkwe, "Na nguo zangu nitaanika wapi?" halafu mkwaruzo tena, unakuja mbele.

Daktari, walipompelekea habari, alimkalisha kwenye kiti chake cha chini, akamkunjisha mikono kifuani, akamwambia ainuke mara kadhaa mpaka akaridhika. Damu nayo ilikubaliana na miguu. Ini lilikuwa pale pale lilipokuwa, halijazidi. Alisema hiyo nayo ni habari njema, na kidonge cha kila siku kiendelee.

Siku ya ukumbi walikwenda wote. Fundi viatu alikuja kubeba bomba, alisema, lakini alikuja kuangalia. Ngazi ilisimamishwa jukwaani. Mkewe akashika mguu mmoja wa ngazi. Mama mkwe akaja akashika wa pili.

"Mama, wewe upumzike," Kivuli alisema.

"Hii ngazi nimeilinda muda wote huu, leo nimwachie nani?" Akamsogelea. "Nipumulie."

Kivuli akapumua. Mama mkwe alifumba macho, akatafakari kwa utulivu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo akatoa hukumu.

"Chai," alisema. "Panda."

Akapanda. Pazia jekundu likapanda naye, ndoano baada ya ndoano, akilegeza hapa, akikaza pale, mpaka likaanguka lote kwa pamoja likagusa sakafu bila kukunjamana. Mwalimu mkuu akapiga makofi kutoka viti vya nyuma. Kivuli hakushuka. Alibaki juu, kashika bomba, kainamisha kichwa.

Mikono ya mkewe ikakaza ngazi. "Mume wangu. Umekwama?"

"Nakagua pindo."

"Pindo liko chini huku."

"Najua," Kivuli alisema kutoka juu, na wote waliokuwa chini walisikia kwamba anacheka. "Niacheni kidogo. Hapa juu nilikuwa nimepakumbuka."